Maziwa ya Kibuyu cha Nafuna

Asubuhi katika ploti ya Wakarima haikuamshwa na saa. Iliamshwa na sauti ya Khamala akigombana na ng'ombe.

"Simama vizuri, Sukari! Unanikanyaga aje na ni mimi nakulisha?"

Ploti hiyo ilikuwa Kawangware. Mbele kulikuwa na vyumba vya mabati vya wapangaji, milango imetazamana. Nyuma, baada ya kamba za nguo, kulikuwa na zizi la ng'ombe wawili wa maziwa, Sukari na Malkia. Majirani wenye mashamba walikuwa wameuza ng'ombe zamani wakajenga gorofa. Wakarima, mama mjane mwenye ploti, alikataa katakata. Alisema gorofa haijui kuzaa.

Khamala alikuwa mtu wa Bungoma. Alipokuja Nairobi alipanga kwanza Soweto West, kule Kibera, akawa anabeba mawe na simiti kwenye mjengo. Halafu akasikia kuna mama Kawangware anatafuta mtu anayejua ng'ombe. Kwa ng'ombe, Khamala hakuhitaji kufundishwa, au ndivyo alivyoamini. Alipewa kazi, akapewa na chumba karibu na zizi. Akahamia hapo na mkewe Nafuna. Kila siku walipewa jagi moja la maziwa ya kutumia wenyewe.

Nafuna aligawa maziwa hayo mara mbili. Ya chai aliyachemsha mpaka yakafura. Mengine aliyamimina kwenye kibuyu chake kama yalivyotoka kwa ng'ombe, akakiziba, akayaacha maziwa yalale. Kibuyu hicho alipewa na mama yake siku aliyoolewa. Maziwa yake yalikuwa mazito na matamu, yenye harufu kidogo ya moshi. Khamala aliyapenda na ugali. Na kila Jumapili, baada ya kanisa, Nafuna alimpelekea Wakarima kikombe.

"Wee msichana," Wakarima alikuwa akisema, mdomo umejaa weupe, mkono ukilisugua goti lake, "huko kwenu mnajua kula."

Wakati huo Nafuna alikuwa na mimba, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza ilitoka walipokuwa Soweto West, na hakuna mtu aliyemwambia kwa nini. Kwa hiyo hii aliilinda kwa kila njia aliyoijua. Hakubeba mitungi mikubwa. Hakulala na njaa. Asubuhi na jioni alikunywa kikombe cha maziwa ya kibuyu, ili mtoto apate nguvu.

Jambo moja tu lilimsumbua. Khamala alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake haukueleweka. Homa ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Alitokwa na jasho hadi shuka likalowa. Mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma, na mwili ulichoka hata kabla ya kazi. Duka la dawa walimpa dawa za malaria. Zilipokosa kusaidia, walimpa za typhoid. Alipata nafuu kidogo, kisha akaanguka tena. Nafuna naye aliposikia kichwa kinamgonga, alimeza vidonge vya mumewe vilivyobaki. Waliona ni kuokoa dawa.

"Ni typhoid sugu," Khamala alisema. "Itaisha tu."

Siku moja mchana, Sukari alikataa kula. Alikuwa na mimba pia, na Wakarima alikuwa ameanza kuhesabu maziwa ya ndama huyo akilini. Lakini miezi ilikuwa haijatimia. Kabla jua halijashuka, Sukari alilala chini akasukuma, ndama akatoka. Alikuwa mdogo, ana manyoya machache, na amekufa.

Khamala alikuwa amemvuta kwa mikono mitupu. Damu na maji vilimfika kwenye viwiko. Alijaribu kuvuta na kondo la nyuma, likakataa kutoka. Akamfunga ndama kwenye gunia, akamfukia juujuu nyuma ya zizi. Nafuna alichukua nguo za mumewe, akazifua kwa mikono yake. Alipokuwa akifua, alilia. Hakumlilia ng'ombe.

Wakarima alimkuta hapo kwenye karai, akajua anachokililia.

"Usilie," alimwambia, akimshika bega. "Sikiza nikuambie. Mungu amechukua ya ng'ombe akaacha yako. Imeisha hivyo."

Maneno hayo yalimpoza Nafuna moyo. Aliyashika, akalala nayo. Lakini asubuhi Khamala aliamka anatetemeka kama aliyenyeshewa, na yale maneno yakaanza kupungua uzito.

Kondo la Sukari lilikuwa bado linaning'inia, na limeanza kunuka. Wakarima akakubali kumpigia simu daktari wa mifugo.

Daktari aliitwa Akeyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye buti za mpira na sauti ya chini. Kabla hajagusa chochote alivaa glavu ndefu zilizofika begani. Khamala alizitazama, akacheka kidogo.

"Daktari, hiyo yote ya nini? Si ni ng'ombe tu?"

"Ndiyo. Ni ng'ombe tu," Akeyo alisema. "Wewe ulimvuta ndama na nini?"

Khamala alinyoosha mikono yake. Daktari aliitazama mikono, kisha akamtazama usoni.

"Mbona unatetemeka?"

"Ni typhoid. Inakujanga inaenda."

"Inakuja inaenda tangu lini?"

"Tangu mvua ile ya kwanza."

Akeyo alitoa simu, akampigia mwenzake anayefanya kazi kwenye maabara ya mifugo. Aliiweka kwa sauti ili wote wasikie.

"Eugene, niko na kesi hapa Kawangware, nataka mawazo yako. Ng'ombe ametupa mimba ikiwa imeenda sana. Kondo imekataa kutoka. Na mtu wa zizi ana homa ya kurudirudi, na viungo vinauma."

"Hiyo kondo usiivute," sauti ilijibu. "Utamwumiza ng'ombe, na utajipaka wewe. Toa damu. Chukua maziwa pia. Ndama akiwa bado hapo, chukua sampuli. Mimi nafikiria kile wewe unafikiria. Lakini tupime kwanza, tusikisie."

"Mnafikiria nini?" Wakarima aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepanda.

"Brusela," Akeyo alisema. "Ni ugonjwa unaofanya ng'ombe atupe mimba. Unaweza kuingia kwa mtu. Unapitia kwa maji ya uzazi, kwa kondo, kwa ndama aliyekufa. Na kwa maziwa mabichi. Mnakunywa maziwa mabichi hapa?"

"Ai! La hasha!" Wakarima alisema. "Hapa kila mtu anachemsha. Uliza mpangaji yeyote."

Daktari alimgeukia Nafuna. Macho yake yakateremka hadi kwenye tumbo.

"Na wewe, mama? Unachemsha?"

Nafuna alihisi Wakarima akimtazama. Alihisi na Khamala akimtazama. Chumba walicholala kilikuwa cha Wakarima, na kazi ilikuwa ya Wakarima. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia ndani, nyuma ya mlango.

"Maziwa ya chai huwa nachemsha," alisema.

Halikuwa jibu la uongo. Ndiyo maana hakuweza kulisahau.

Daktari alifanya kazi yake. Walipokwenda kumfukua ndama, walimkuta mbwa wa jirani ameshararua gunia. Akeyo alimfukuza kwa jiwe. Alichukua sampuli, kisha akasimamia Khamala akichimba shimo la kina kirefu, safari hii akiwa na glavu. Wakamwaga chokaa, wakafukia.

"Sukari akae peke yake," Akeyo aliagiza. "Wajawazito na watoto wasiingie zizi. Maziwa yake yasiuzwe mpaka majibu yatoke. Na wewe, Khamala, enda hospitali. Uwaambie unafanya kazi na ng'ombe, na ng'ombe ametupa mimba. Usisahau kusema hivyo. Mimi nitakuwa Olympic, kule Kibera, wiki hii, tunachanja mbwa. Mkinitaka, niko pale."

Mlango wa ploti ulipofungwa, Wakarima aliwaita wote wawili.

"Mnasikia? Hakuna kutangaza hilo jina. Wapangaji wakisikia brusela, nani atanunua maziwa yangu? Khamala, ngoja majibu kwanza ndio uende hospitali. Hata huyo daktari amesema hajui."

Khamala aliinamisha kichwa. "Sawa, Cucu," alisema, akimwita nyanya kama wote walivyomwita pale.

Jioni hiyo Nafuna alikiteremsha kibuyu. Alikifungua, akanusa. Kilikuwa kinanukia vizuri kama siku zote.

"Khamala, si haya ni mabichi?"

"Hiyo sio mabichi. Hiyo ni lala. Ikishalala, vijidudu vyote vinakufa na ile uchachu. Hata babu yangu alikunywa, akazeeka."

"Una uhakika?"

Khamala alikuwa amejifunika blanketi na bado meno yalikuwa yanagongana. Hakuwa na uhakika wa lolote.

Nafuna hakunywa. Siku zilizofuata aliishi akijisikiliza. Kila alipoumwa mgongo alijiuliza kama ni uchovu au ni kitu kingine. Kila alipokwenda chooni aliogopa kutazama. Aliweka mkono tumboni asubuhi, akangoja teke, na teke lilipokuja alipumua.

Kisha akaja Kagiri. Kagiri alikuwa broka, dalali wa ng'ombe, mtu wa koti kubwa na maneno mengi. Alimzunguka Sukari, akampapasa kiwele.

"Huyu ni mzuri," alisema. "Kuna mama hapo mtaa wa Ayany ananisumbua, anataka ng'ombe wa maziwa. Ako na watoto wengi. Kesho nakuja na gari."

"Kesho ni sawa," Wakarima alijibu haraka, bila kumtazama mtu.

Nafuna alikuwa anaanika nguo. Alisikia kila neno. Aliweka mkono tumboni, akangoja teke. Halikuja. Alingoja tena. Alikaa chini, akanywa maji, akalalia ubavu kama alivyoshauriwa kliniki. Kimya. Hofu ilimshika hadi masikio yakawa yanavuma.

Hakumwambia mtu. Alijifunga leso, akatoka. Khamala alimwita kutoka ndani akauliza anaenda wapi, lakini alikuwa ameshapita geti. Alikata vichochoro mpaka barabara kubwa, akavuka, akaishika njia ya Kibera. Kila alipokutana na mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliangalia chini. Moyoni alikuwa anasema neno moja tu. Ngoja. Ngoja, mwanangu.

Olympic ilikuwa imejaa mbwa. Kulikuwa na mbwa wa kamba, mbwa wa waya, mbwa waliobebwa kama watoto. Watu walipanga foleni kando ya uwanja, kila mmoja anashikilia wake asimrukie mwenzake. Katikati, Daktari Akeyo alikuwa ameinama na sindano. Alipomwona Nafuna anakuja mbiombio, alimpa mwenzake sindano, akamvuta kando.

"Daktari," Nafuna alisema, "nilikudanganya."

"Kaa kwanza. Pumua."

"Sikai. Nina kibuyu. Maziwa ya chai nachemsha, hiyo ni kweli. Lakini ya kibuyu sichemshi. Sijawahi kuchemsha. Nimekunywa kila siku nikijua nampa mtoto nguvu. Na leo mtoto hachezi. Hachezi, Daktari!"

Akeyo alimshika mikono yote miwili.

"Hukunidanganya. Ulinijibu swali nililouliza. Swali langu ndilo lilikuwa baya."

"Unasema nini?"

"Hata sisi madaktari tunarudi shule kila mwaka. Juzi tulikuwa kwa mafunzo. Mwenzetu anayefanya utafiti alituonya: msiulize watu kama wanakunywa maziwa mabichi, kila mtu atasema hapana. Ulizeni chakula kimoja kimoja. Chai? Uji? Lala? Nikasikia, nikaitikia, halafu nikaja kwenu nikauliza vilevile kama zamani." Akatikisa kichwa. "Sasa sikiza. Uchachu haupiki maziwa. Maziwa yakilala, hivyo vijidudu vinaweza kubaki vizima. Kinachoviua ni moto."

Nafuna alianza kulia.

"Mtoto wangu amekufa?"

"Sijui, na sitakudanganya. Mimi ni daktari wa wanyama. Lakini kituo cha afya kiko hapo tu, na nitaenda na wewe. Twende sasa."

Kituoni walipokelewa na mhudumu aliyeitwa Kathini. Akeyo alimweleza yote kwa maneno machache: ng'ombe aliyetupa mimba, mume mwenye homa ya kurudirudi, maziwa ya kibuyu, mama mjamzito. Kathini hakuuliza kama ana malaria. Alimlaza Nafuna kitandani, akampaka mafuta baridi tumboni, akaweka kifaa cha kusikilizia.

Kilisikika kishindo cha upepo. Kathini alikisogeza kidogo, akakisogeza tena. Nafuna alifumba macho. Alikumbuka Soweto West, kitanda kingine, mhudumu mwingine aliyetafuta hivi hivi na asipate kitu. Alitaka kumwambia Kathini aache, ili asijue. Kisha kikasikika kitu kinachokimbia. Tuku-tuku-tuku-tuku.

"Huyo hapo," Kathini alisema. "Alikuwa amelala tu. Mama ndiye amekimbia mbio."

Nafuna alicheka na kulia pamoja, na mafuta yakamchuruzika ubavuni. Akeyo naye alikuwa amegeukia dirisha na anafuta miwani yake kwa muda mrefu.

Kathini alichukua damu. Kipimo cha haraka kilionyesha brusela.

"Hiki kipimo hukosea wakati mwingine," alimweleza. "Kwa hivyo damu nyingine inaenda maabara kubwa kuhakikisha. Lakini kwa yale umenieleza, hatuwezi kukaa tu. Nakutuma hospitali kubwa leo, daktari wa wajawazito akuone. Ugonjwa huu ukiachwa unaweza kutoa mimba. Ukishikwa mapema, unatibika. Umenisikia? Unatibika."

"Nimesikia."

"Mume wako aje pia. Na kitu kimoja. Dawa zake na zako hazitakuwa sawa. Kuna dawa inamfaa yeye na haifai mtoto tumboni. Usimeze yake. Hata kidonge kimoja."

Nafuna alikumbuka vile vidonge vya mumewe alivyomeza kichwa kilipomgonga, akashika tumbo.

"Na asiache dawa akisikia nafuu," Kathini aliongeza. "Ni wiki sita hivi. Wengi wanaacha katikati, homa inarudi, wanasema dawa ni mbaya."

Kabla hajaenda hospitali, Nafuna alimshika Akeyo mkono.

"Daktari, Sukari anauzwa kesho. Anapelekwa Ayany, kwa mama mwenye watoto."

Siku iliyofuata, gari la Kagiri lilikuta Daktari Akeyo amesimama getini. Majibu ya maabara yalikuwa yametoka. Sukari alikuwa na brusela. Malkia alikuwa hajaonyesha ugonjwa, lakini angepimwa tena baadaye.

"Huyu ng'ombe hauzwi kwa boma la mtu," Akeyo alisema. "Ukimpeleka Ayany, unapeleka ugonjwa Ayany. Ataondoka hapa kwa njia moja tu, kichinjioni, mkaguzi akijua."

Kagiri aliangalia karatasi ya majibu, akaangalia mikono yake iliyokuwa imepapasa kiwele, akaifuta kwa koti. Akapanda gari lake bila maneno. Kwa Kagiri, hiyo ilikuwa ajabu.

Wakarima ndiye aliyelipuka. Alimkabili Nafuna, aliyekuwa amerudi na dawa za hospitali kubwa, mbele ya wapangaji wote.

"Ni wewe! Nimekupa nyumba, nimekupa maziwa, na wewe unaenda kunitangaza Kibera! Nani atanunua maziwa kwangu sasa? Toeni vitu vyenu!"

Khamala alisimama mlangoni, blanketi begani, uso umekauka. Nafuna alikuwa anaogopa. Alijua usiku huo wangeweza kulala nje. Lakini alikuwa ameshasikia tuku-tuku-tuku, na hakuweza tena kunyamaza.

"Cucu," alisema, "goti lako linauma tangu lini?"

"Goti langu linahusu nini?"

"Tangu lini?"

"Ni baridi. Ni uzee."

"Na jasho? Ulisema unaamka umelowa. Ulisema ni damu ya uzee inapoa. Cucu, nilikuletea kikombe kila Jumapili. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Nilifikiri nakupa zawadi." Akamsogelea. "Tafadhali twende upimwe. Ukishapimwa, nifukuze."

Wakarima aliangalia goti lake, lile alilolipaka dawa ya kuchua kila jioni kwa muda mrefu. Aliangalia zizi. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyokuwa karibu, polepole, mkono kwenye goti.

"Ngai, Mungu wangu," alisema. "Na mimi ndiye nilikuwa naomba kikombe cha pili."

Walikwenda watatu. Damu ya Wakarima ilionyesha ugonjwa, ya Khamala pia. Majibu ya maabara kubwa yalipokuja, brusela ya Nafuna nayo ikahakikishwa.

Mambo yalibadilika katika ploti, ingawa si kwa raha. Wakarima hakurudia neno la kuwafukuza. Sukari alipoondoka, Wakarima alijifungia ndani siku nzima. Daktari Akeyo alipita mlango kwa mlango pamoja na Nafuna, akawaeleza wapangaji dalili, akawatuma wenye homa wakapimwe. Baadhi ya wapangaji waliacha kununua maziwa kabisa. Mmoja alimwita Nafuna mchawi wa maziwa, na jina hilo lilimkaa kwa muda.

Zizi lilioshwa kwa dawa. Khamala alinunuliwa glavu na buti. Mwanzoni alizivaa kama mtu aliyevalishwa gauni.

"Ng'ombe hawanijui hivi," alilalamika.

"Watakuzoea," Nafuna alimwambia. "Mimi nimekuzoea na hizo kelele zako."

Aliposikia nafuu, Khamala alitaka kuacha dawa. Nafuna alimwekea kidonge na maji mbele yake, akasimama hapo hapo mpaka akameza. Yeye alimeza zake kutoka kopo lingine, lililokaa kwenye rafu nyingine.

Na kibuyu? Nafuna alitaka kukitupa. Akeyo alimkataza.

"Kibuyu hakina kosa. Kioshe kwa maji yanayochemka. Chemsha maziwa mpaka yapande kabisa. Yaache yapoe, yabaki vuguvugu. Weka kijiko cha maziwa lala ya paketi, yale ya duka. Ziba, ngoja."

Nafuna alifanya hivyo. Khamala alionja kwa mashaka, ulimi ukiwa nje kama anayeonja dawa. Akaonja tena. Halafu akavuta sahani ya ugali karibu.

"Sio kama ya babu," alisema. Lakini alimaliza.

Siku moja Akeyo alikuja kumpima Malkia tena. Malkia alikuwa mzima. Kabla ya kuondoka, daktari aliuliza kitu kwa haya kidogo.

"Nafuna, madaktari wenzangu tunakutana tena kwa mafunzo. Naomba niwaeleze kesi yenu. Sitataja majina."

Nafuna alifikiri. "Utawaambia nini?"

"Kwamba niliuliza swali baya."

"Waambie waulize kuhusu kibuyu," Nafuna alisema. "Na wasiulize mbele ya mwenye nyumba."

Akeyo alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hilo la pili hatukufundishwa," alisema.

Miezi ya mwisho ilikuwa mirefu. Dawa zilikuwa zimeisha na kliniki walisema yuko sawa, lakini hofu haina karatasi ya majibu. Nafuna aliamka kila asubuhi akangoja teke kabla ya kufungua macho. Hakununua nguo ya mtoto hata moja. Khamala alipouliza, alisema atanunua baadaye. Khamala alielewa, hakuuliza tena.

Uchungu ulipoanza, ulianza kwa wakati wake. Mtoto alizaliwa hospitali, msichana, mwembamba, mwenye hasira. Alilia kwa nguvu hadi muuguzi akauliza nani amemkosea. Walimpima, wakampima tena, wakasema ni mzima. Ndipo Nafuna alipomwomba Khamala akanunue nguo.

Walirudi ploti mchana. Wapangaji walikuwa wamejaa uwanjani. Nafuna alikuwa hajakaa vizuri kitandani, mlango ukagongwa.

Alikuwa Wakarima, anatembea bila kuchechemea, ameshika sufuria kwa kitambaa. Alikuwa amekuja kumwona mtoto, na kumletea mama mzazi maziwa ya Malkia. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Siku ile nilikuambia Mungu amechukua ya ng'ombe akaacha yako," alisema. "Nilikuambia imeisha. Na ilikuwa haijaisha."

"Ulikuwa unanituliza, Cucu."

"Nilikuwa najituliza mimi."

Akainama kuweka sufuria mezani. Mvuke ulikuwa bado unapanda. Nafuna aliutazama, na kabla hajasema neno, Wakarima aliinua mkono kumzuia.

"Yamechemka," alisema. "Nilisimama juu yake mpaka yakamwagika nusu kwa jiko. Kunywa, msichana wangu."

Akamimina kikombe. Nafuna akakipokea, akanywa.